Gabay Inavyofungwa kwa Sauti Moja

Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya mtihani wa KCSE, ile ya 101/1, sehemu ya stadi za kuzungumza mara nyingi huja na shairi fupi au wimbo, kisha swali ambalo walimu wamelizoea: mtunzi ameleta vipi mapigo na utamu wa sauti? Mtahiniwa wa Garissa, sawa na mwenzake wa Kakamega, anaanza kuwinda maneno mawili yanayoanza kwa sauti moja. Akiyapata anaandika "aliteresheni", anaongeza kwamba "hufanya shairi likumbukike", kisha anahamia swali linalofuata. Alama ya kwanza ameipata kihalali. Ya pili ameibahatisha.

Jibu lile la kukumbukika limekaririwa kutoka vitabu vya marudio. Ajabu ni kwamba mtoto aliyekulia katika Kisomali ana utungo nyumbani ambao jibu hilo linaufaa kabisa, kuliko linavyolifaa shairi lililochapwa mbele yake. Utungo huo ni gabay.

Gabay ndiyo yenye hadhi kubwa katika ushairi wa Kisomali. Kwa desturi ilikuwa ya wanaume, na ilibeba mambo mazito: siasa, ugomvi wa koo, mawaidha, ngamia walioporwa. Utanzu mwingine, geeraar, una mishororo mifupi, na zamani uliandamana na vita na farasi. Buraanbur ni ya wanawake. Hiyo ndiyo utakayoisikia kwenye arusi za Garissa na Wajir, ngoma ikipigwa na makofi yakiitika. Tanzu zote hizi zinashiriki sharti moja ambalo mwanafunzi wa Kiingereza huliona kama pambo tu: takriri ya sauti ya mwanzo wa neno.

Sharti lenyewe ni kali. Mtunzi huchagua sauti moja, tuseme d. Mshororo wa gabay una vipande viwili, kama ukwapi na utao wa shairi la Kiswahili, ila hapa kipande cha kwanza ni kirefu kuliko cha pili. Katika kila kipande lazima kuwe na neno linaloanza kwa d, na sauti haibadilishwi hadi shairi liishe, liwe la mishororo ishirini au mia. Neno hilo liwe na uzito wake, yaani nomino, kitenzi au kivumishi. Vijineno vya kisarufi havikubaliki kubeba sauti. Kulirudia neno lilelile karibu karibu ni udhaifu. Mtunzi akichagua irabu, irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Vina vya mwisho havidaiwi.

Nijaribu kuiga sharti hilo kwa Kiswahili, ili msomaji aonje ugumu wake:

Duka lile nina deni, daftari lanidai;
dirisha nikifungua, dobi naye yu njiani.

Vipande vinne, na kila kimoja kina neno la d: duka, daftari, dirisha, dobi. (Yote manne yalikuja na majahazi kutoka ng'ambo; nilipoitafuta d katika maneno yetu ya asili, nyingi nilizipata zimejificha nyuma ya n.) Mishororo miwili imetosha kunitoa jasho. Mtunzi wa gabay anaendelea hivyo hadi mwisho, na duka halirudii.

Kwa nini Kisomali kilichukua mwanzo wa neno, na Kiswahili kikachukua mwisho? Nadhani sarufi ina mkono hapa. Kiswahili hupachika mbele: vitabu vyangu vizuri vimepotea. V nne kwa mkupuo, na hakuna aliyetoa jasho. Ni ngeli imejifanyia kazi yake. Sauti inayokuja bure namna hiyo haiwezi kuwa kipimo cha ufundi, kwa hiyo malenga wetu walihamia kwenye vina. Kisomali kwa sehemu kubwa hupachika nyuma, na hata kiambishi cha kuonyesha kwamba kitu kinajulikana hukaa mwishoni mwa nomino. Mwanzo wa neno unabaki kuwa mzizi wenyewe, na kuupata mzizi unaofaa kunadai msamiati mpana. Ndiyo maana msikilizaji wa gabay hufurahia neno adimu: anajua mtunzi amelichimbua mbali.

Sasa kazi ya mbinu hiyo. Kisomali hakikuwa na hati rasmi hadi 1972, serikali ya Somalia ilipoidhinisha alfabeti ya Kilatini. Kabla ya hapo gabay ilisafiri kichwani mwa watu, na desturi ilimtaka anayeighani amtaje mtunzi na asibadili maneno yake. Unaufikishaje utungo mrefu kutoka kisima kimoja hadi kingine bila kumwaga kitu? Sauti moja inafanya kazi ya ulinzi. Mghani akisahau neno, anajua linaanzaje. Akiweka lake lisiloanza vilevile, wasikilizaji wanalishtukia. Hapo ndipo kauli ya "hufanya shairi likumbukike" inakuwa na maana, kwa kuwa tunaweza kuonyesha linakumbukwaje.

Kuna kazi nyingine, ya kisiasa. Kati ya 1979 na 1980 nchini Somalia, mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, anayejulikana zaidi kwa jina la Gaarriye, alitoa utungo wa kulaani ukabila, kwa sauti ya d. Mshairi mwenzake, Hadraawi, akajibu kwa d. Wengine wakaingia, makumi ya washairi, na mnyororo huo ukaitwa Deelley kwa sababu ya sauti hiyo. Utawala wa Rais Siad Barre ulikuwa unawabana watu wasiseme, lakini kaseti zilinakiliwa mkono kwa mkono. Aliyeisikia d tangu mshororo wa kwanza alitambua mara moja huyu anamjibu nani.

Gaarriye huyohuyo anatudai deni jingine sisi tunaofundisha istilahi. Mwaka 1976, katika gazeti la Xiddigta Oktoobar la Mogadishu, alichapisha makala zilizoeleza mizani ya mashairi ya Kisomali: kinachohesabiwa ni irabu, fupi moja, ndefu mbili. Vizazi na vizazi vya watunzi walikuwa wamepatia mizani hiyo bila kuwa na maelezo yake. Sikio lilitangulia, istilahi ikafuata. Darasani tunaligeuza: istilahi kwanza, na sikio huenda lisifundishwe kabisa.

Wanafunzi wanaoiona takriri hii kama jambo la mwituni wakumbushwe kwamba Kiingereza chenyewe kilianza hivyo. Beowulf, utungo mkongwe wa Waingereza, umejengwa kwa mishororo ya vipande viwili vinavyounganishwa na sauti ya mwanzo, na huko pia irabu zote zilihesabiwa kuwa sauti moja. Baada ya uvamizi wa Wanormani mwaka 1066, na Kifaransa kuwa lugha ya wakubwa, vina vikachukua nafasi polepole. Kwa kipimo hicho, kijana wa Mandera anayesikiliza gabay redioni yuko karibu na Beowulf kuliko kijana wa London.

Turudi sasa kwenye mtihani, maana hapo ndipo mtahiniwa anapoteleza. Katika gabay, takriri imeenea kila mahali, kwa hiyo haiwezi kukoleza mahali pamoja. Ni sakafu ambayo shairi zima linasimama juu yake. Katika shairi la Kiingereza la leo, lenye mishororo kumi na minne na s tatu zinazofuatana katika mshororo wa tisa tu, mambo ni kinyume. Huko swali ni kwa nini pale, na si kwingine. Pengine s zinaiga upepo, pengine zinapunguza mwendo kabla ya habari mbaya. Kusema tu "likumbukike" ni kujibu swali la gabay katika mtihani wa shairi jingine. Mbinu ni moja, kazi ni mbili, na alama ya pili iko kwenye kazi.

Tamathali nyingine nazipitia haraka kwa kuwa hazina utata mkubwa. Anayechanganya sitiari na taashira apewe Maandeeq, ngamia jike ambaye washairi wa Kisomali walimfanya nembo ya uhuru na dola tangu 1960. Ukisema mtu fulani ni simba, umefanya sitiari, nayo inaweza kuishia palepale. Maandeeq amepita kutoka utungo hadi utungo, mtunzi mmoja akimkama, mwingine akilalamika kwamba maziwa yake yananywewa na wachache, na kila msikilizaji anajua ni nchi inayozungumziwa. Hiyo ni taashira.

Najua walimu wengi wa lugha katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera wametoka kwingine na hawasikii Kisomali. Najua pia darasani hukaa Mpokomo, Mmunyoyaya na Mborana. Hilo halizuii kitu. Mwalimu, kabla hujaandika ubaoni orodha ya istilahi, mwombe mwanafunzi mmoja alete utungo mfupi wa nyumbani kwao, aughani kwa lugha yake, na wasioielewa lugha hiyo waitambue sauti inayorudi kwa sikio tu. Kisha waulize wote inafanya kazi gani pale. Anza na hilo wiki hii, kabla ya karatasi ya majaribio.