Luiz Gonzaga na Kodiani Yake: Maneno juu ya Manju wa Nchi Kavu

Afapo manju mpendwa, ni desturi ya watu kumsifu hata sifa zikaifunika kazi yenyewe. Husemwa kwamba alikuwa sauti ya watu wake, na neno hilo likiisha kusemwa hapana aulizaye tena maana yake. Sisi twataka kuuliza habari za Luiz Gonzaga wa Brazili, aliyefariki katika mji wa Recife tarehe 2 Agosti 1989, naye ana umri wa miaka 76. Twauliza kwa sababu hii: mambo yaliyompata yeye na nyimbo zake huwapata mamanju wa kila nchi, na walimu wakusanyao nyimbo za wazee yawapasa kuyajua.

Alizaliwa tarehe 13 Desemba 1912, karibu na mji mdogo wa Exu katika jimbo la Pernambuco. Nchi ile ya bara huitwa Sertão. Ni nchi ya miiba na jua kali, na mvua ikikosa hakuna budi watu kuhama. Baba yake, Januário, alikuwa mkulima, tena fundi wa kutengeneza kodiani na mpigaji katika ngoma za vijijini. Mwaka 1930 kijana huyu aligombana na mkubwa mmoja kwa ajili ya binti yake, akapigwa na wazazi wake, akakimbia nyumbani na kuingia jeshini. Alitoka jeshini mwaka 1939, akakaa Rio de Janeiro, akawa akipiga kodiani mabarabarani na katika vilabu vya mabaharia apate riziki.

Hapo ndipo lilipo jambo la kwanza la kuangaliwa. Siku zile alipiga tango na wolzi, yaani nyimbo za wageni, kwa kuwa ndizo zilizopendwa mjini. Hata siku moja wanafunzi waliotoka jimbo la Ceará wakamtaka apige kitu cha kwao. Akaenda akazikumbuka zile alizozisikia kwa baba yake, akarudi akazipiga, na watu wakamshangilia mno. Mwaka 1941 alianza kurekodi sahani. Basi, aliyemrudisha kwenye mali yake mwenyewe ni msikilizaji mwenye hamu ya kwao. Twadhani wengi waandikao habari zake hulipita jambo hili upesi, wakimpa yeye peke yake sifa ambayo sehemu yake ni ya wale wanafunzi.

Tukija kwenye muziki wenyewe, ngoma aliyoieneza huitwa baião. Aliipanga kwa vyombo vitatu tu: kodiani, pembetatu ya chuma, na ngoma pana ivaliwayo kwa ukanda, ipigwayo juu kwa rungu na chini kwa kijiti chembamba. Juu hutoka mshindo mzito, chini hutoka jibu jepesi, na kodiani hupita katikati kama mtu asemaye. Mwalimu azoeaye sol-fa atatambua mara moja kwamba katika nyingi za nyimbo hizi sauti ya saba hushushwa nusu hatua, iwe «ta» mahali pa «te». Kwa hiyo wimbo haufiki mwisho wake kwa haraka kama tenzi za Ulaya, bali huwa kama wenye kusitasita mlangoni. Mwanafunzi akiambiwa kwamba hilo ni kosa la kusahihishwa, wimbo wote umeharibika.

Maneno ya nyimbo zake mashuhuri hayakuwa yake peke yake, na ni haki kusema hivyo. «Asa Branca», iliyorekodiwa mwaka 1947, aliitunga pamoja na Humberto Teixeira, mwanasheria wa Ceará, juu ya sauti iliyokuwa ikijulikana tangu zamani bara. Asa branca ni njiwa ahamaye ukame unapozidi. Katika wimbo huo mkulima amepoteza mazao na mnyama wake, naye huondoka kama yule njiwa, akiahidi kumrudia mpenzi wake mvua ikinyesha. Mwaka 1950 akatoa wimbo wa kurudi kwa njiwa, pamoja na Zé Dantas, aliyekuwa tabibu. Je, mtunzi ni nani? Twajibu kwamba mwanasheria na tabibu walitoa maneno mazuri, lakini kama si ile kodiani na ile sauti ya mtu wa bara asiyeficha matamshi ya kwao, maneno yale yangebaki karatasini.

Unyenyekevu wake waonekana katika «Respeita Januário» ya mwaka 1950. Alikuwa amerudi kwao mwaka 1946, baada ya miaka 16, na kodiani kubwa yenye vifungo 120 vya sauti nzito. Katika wimbo huo anajifanyia mzaha mwenyewe: huambiwa amheshimu baba yake, ambaye kwa vifungo vinane tu bado ni mkubwa wake.

Sasa twafika penye uzito. Wako wasemao kwamba nyimbo hizi huwafariji maskini na kuwaacha katika umaskini wao. Kwa wimbo «Vozes da Seca» wa mwaka 1953 shitaka hilo halisimami, maana humo wenye mamlaka huombwa kazi na mabwawa ya maji, na sadaka kwa mtu mwenye nguvu huonyeshwa kuwa ni kumtia aibu au kumzoeza uvivu. Lakini ni kweli pia kwamba wanajeshi walipoitawala Brazili, toka 1964 hata 1985, Gonzaga hakusimama kuwapinga, na mara nyingine alionyesha kuwapendelea. Na katika siku hizo hizo nyimbo za mwanawe, Gonzaguinha, zilizuiliwa na wakaguzi wa serikali. Baadaye baba na mwana walipatana, wakasafiri na kuimba pamoja. Sisi hatuoni faida ya kulificha jambo hili. Anayemlia marehemu kwa kuficha nusu ya maisha yake humlilia mtu mwingine.

Wala sauti ya watu haikunyamaza kwa kufa kwake. Binamu yake Raimundo Jacó, mchunga ng'ombe, aliuawa mwaka 1954 na haki haikupatikana. Gonzaga alimwimbia, kisha akasaidiana na padre João Câncio kuanzisha Misa ya Wachungaji wa Ng'ombe huko Serrita, ambako watu hufika juu ya farasi wamevaa ngozi, na kumtolea Mungu zana za kazi zao. Misa hiyo imeendelea baada ya yeye kufa. Tarehe ya kuzaliwa kwake imekuwa siku ya taifa ya forró, na kodiani ilishikwa na Dominguinhos, aliyepewa chombo naye tangu utotoni, mpaka alipofariki mwaka 2013.

Basi, kwa wenzetu wafundishao, neno letu ni hili. Mkiandika wimbo wa mzee, andikeni ni nani aliyetoa maneno, ni nani aliyetoa sauti, ni chombo gani, na ni nani aliyeuomba uimbwe. Andikeni pia alilokosa. Wimbo ulio mzuri hauhitaji kusaidiwa kwa uongo.