Michoro ya Kolo na Macho ya Mwanafunzi

Mwaka 1951 Mary Leakey alinakili kwa mkono michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa. Kitabu chake kikatoka mwaka 1983. Leo programu ya kompyuta iitwayo DStretch huzidisha tofauti za rangi katika picha, na mnyama aliyefifia huonekana tena. Twaisifu kazi hiyo, lakini hatukubali kwamba kuona ndiko kujua. Mwanafunzi asiyelinganisha picha hiyo na ile ya awali atadhani rangi za kompyuta ni za mchoraji. Wala picha haimwambii kwamba wenyeji wangali wakitambikia Mungomi wa Kolo. Basi mwalimu aanze na maswali: nani alinakili, aliacha nini, na wenyeji wasemaje?