Funza Alitembea kwa Miguu ya Nani?

Ukiitazama ramani ya kuenea kwa funza Afrika, iache kwanza mishale, soma miaka. Mwaka 1872 meli Thomas Mitchell ilitoka Brazil ikatia nanga Ambriz, Angola, ikiwa na farumi ya mchanga, na funza akashuka pwani. Mwaka 1892 msafiri Mwaustria Oscar Baumann alimkuta funza kusini mwa Ziwa Victoria, akaona Uzinza watu waliolemazwa naye. Kufikia 1898 alikuwa ameshavuka hadi Unguja. Mwaka 1899 Mjerumani Hesse akazikusanya taarifa hizi na nyingine katika makala moja.

Tupige hesabu. Ambriz hadi Mwanza, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 2,000. Gawanya kwa miaka 20: kama kilomita 100 kwa mwaka. Msafara wa wapagazi ulizimaliza kilomita 100 ndani ya juma moja. Funza alikawia wapi?

Jibu limo kidoleni. Jike, mdogo kuliko kichwa cha pini, hujichimbia kando ya ukucha, akavimba kama punje ya choroko: weupe wenye nukta nyeusi katikati. Kwa nukta hiyo huangusha mayai kwa wiki mbili tatu, kisha hufa. Mayai hayakui mguuni. Hukua vumbini, kambini au kwenye sakafu ya udongo, kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo mpagazi mmoja hakuweza kumvusha bara zima. Kila kambi ilikuwa kitalu, na funza mpya alingoja mguu mwingine upite. Mshale mmoja mrefu kwenye ramani, ukiusogelea, ni mamia ya kambi.

Sasa ijaribu ramani hiyo Ufipa, uwanda wa mita kama 1,800 kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mchoraji anayeunganisha tarehe za mwambao wa Ziwa Tanganyika na za Unyamwezi kwa rula humpandisha funza magenge ya bonde la ufa kana kwamba ni karatasi tupu. Afadhali aulize nani alipanda huko, na kwa haja gani. Wafipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuri ndefu za udongo, na majembe yao yaliwavuta wanunuzi. Njia ya jembe ni njia ya miguu.

Kisha aulize nani aliandika. Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mapadre wa White Fathers walikuwepo tangu 1885, na kalamu zao. Kijiji kisicho na kalamu huchelewa kuugua kwenye ramani. Ndiyo maana kila tarehe isomwe "si baada ya mwaka huu", wala si "mwaka huu alifika".

Ningeichora upya kwa namna tatu: duara jeusi, alionekana; duara tupu, alitafutwa akakosekana; pasipo alama, hakuna aliyekagua miguu. Ramani ya mishale haina duara tupu hata moja.