Cha Mvunguni

Kitanda cha mama mkubwa kilikaa juu ya matofali manane, mawilimawili kila mguu. Sisi watoto tulikipanda kwa kuparamia, na wageni walidhani amekiinua kwa kuogopa maji ya masika. Sababu ilikuwa mvungu. Alikuwa na vyumba viwili vya kupanga Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na korido katikati. Kila chumba futi kumi kwa kumi, na watu tulikuwa saba. Mvungu ule ndio uliokuwa ghala letu, na palikuwa nadhifu kuliko sebule nyingi nilizokaribishwa baadaye.

Nataka kuusifu ustadi wake, maana wakati ule hakuna aliyeuita ustadi. Alijua kupunguza vitu.

Wapo wanaodhani kwamba asiye na kitu hana cha kupunguza. Hawajalala katika vyumba hivi. Nyumba yenye pesa chache ndiyo inayojaa. Mwenye nazo ndoo yake ikipasuka huitupa akanunua nyingine. Asiye nazo huiweka, kwa kuwa labda itazibwa. Sufuria iliyotoboka inamngoja fundi apite mtaani, viatu vilivyobana vinamngoja mtoto wa chini, dumu lisilo na kifuniko linangoja kifuniko. Kila kitu kina sababu, na ukikaa ukaisikiliza utaona ni ya haki. Tena tumelelewa tukiambiwa akiba haiozi. Kwetu nyuma ya mlango ulining'inia mfuko wa rambo uliojazwa mifuko mingine ya rambo, na ulikuwa bado umevimba pale Serikali ilipoipiga marufuku, tarehe 1 Juni 2019. Na usiseme basi wahamie penye nafasi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi, wakati mwingine ya mwaka mzima. Nafasi ilibidi ipatikane humohumo.

Siku ya mama mkubwa ya kupunguza vitu ilikuwa katikati ya Shaabani, kabla Ramadhani haijakaribia ikaleta shughuli zake. Aliangalia siku ya jua kali, akawaomba wapangaji wenzake ua tangu jana yake, kwa kuwa ua ni wa wote. Alfajiri tulianza kutoa vitu vya chumba kimoja tu, hakuthubutu viwili kwa pamoja. Magodoro juu ya mkeka, chaga za kitanda zikaegemezwa ukutani zipigwe jua kunguni watoke, masufuria, mabegi ya shangazi kaja, vyungu, mbuzi ya nazi, redio isiyosema. Chumba kikibaki kitupu alikifagia, akakipiga deki, akatandika mkeka katikati na kukaa peke yake na kikombe cha chai. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Alikuwa anakitazama chumba.

Akishamaliza chai alikaa kizingitini, nasi tukamletea kitu kimoja kimoja. Maana ya jambo hili nilikuja kuielewa nilipokua. Hakuwa anauliza kipi kitoke, maana vyote vilishatoka. Aliuliza kipi kirudi, na kila kisichorudi alikitajia mtu wa kukipokea. "Hiki cha mama wa chumba cha mwisho." "Hicho kimpe fundi." Madaftari ya mwaka jana yalikwenda kwa muuza karanga wa kona akafungie, vipande vya chuma vikawekwa pembeni vimsubiri mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Kwa siku nzima ile jalalani pengine lilikwenda karai moja.

Khanga ndiyo aliyoishughulikia kwa makini kuliko vyote. Khanga haizeeki siku moja. Ya kutokea huwa ya nyumbani, ya nyumbani huwa mbeleko, na kadiri inavyofuliwa ndivyo inavyolainika, hata ikawa ndiyo bora kwa mtoto mchanga. Aliishika kwa mikono miwili akaielekeza kwenye jua, kisha akaivuta mara moja kwa upande wa nyuzi. Ikitoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti chembamba, basi imekwisha, haistiri tena. Mji aliukata vipande viwili, kimoja cha kushikia sufuria, kimoja cha kupigia deki. Pindo alilichana kamba. Lakini jina hakulipigia deki kamwe. Alisema maneno hayafutiwi miguu. Alilikata kwa mkasi, ukanda mrefu wenye upana wa kiganja, na kwa kanda hizo alifunga mafurushi ya mvunguni. Kwa hiyo ukiinama pale ulikutana na misemo imepigwa mafundo: mashuka chini ya msemo mmoja, nguo za shule chini ya mwingine. Mtoto asiyejua kusoma alijifunzia pale. Nami ni mmoja wao.

Wachuuzi wa mali kwa mali walimjua. Mmoja aliingia uani na mabeseni kichwani, akataka koti na suruali mbili kwa beseni kubwa la bluu. Majirani waliona biashara nzuri. Mama mkubwa alilishika beseni, akaligeuza, akamrudishia. "Hili mwanangu litalala wapi?" Alichukua vikombe viwili vya bati, akavitumbukiza palepale ndani ya vile alivyokuwa navyo. Alivipenda vitu vinavyoingia ndani ya vitu. Sufuria zetu hizi zisizo na mpini, sita zikikaa ndani ya moja, alizisifu kama mtu anavyosifu shairi, na sasa kila nikizipanga naona alikuwa na haki ya kuzisifu.

Watu wa pwani ni mafundi wa zamani wa jambo hili. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, nazo hazivuki mbali. Fundi hakuweza kuupanua ukuta, akauchimba: akatengeneza zidaka, safu kwa safu, vyombo vikakaa ndani ya ukuta wenyewe. Kwenye nyumba za udongo na makuti walitundika susu la kamba, chakula kikakaa hewani mbali na panya. Mama mkubwa hakuwa na chokaa wala mjenzi. Alishona kitambaa cha kitenge kikuukuu chenye mifuko kumi na miwili, akakipigilia misumari nyuma ya mlango: kitana, uzi, tochi, mkasi, wembe wa kucha. Hivyo ndivyo vilivyokuwa zidaka vyake.

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, Tabata, nilidhani nami najua. Jumamosi moja, nimechoka, nilijaza viroba viwili bila kutazama ndani nikampa kijana wa mkokoteni wa taka. Katika mkoba mmoja mkuukuu ilikuwamo kadi ya kliniki ya mtoto wangu wa kwanza. Niliihangaikia asubuhi tatu, nauli ikaisha, siku tatu za kazi zikaisha, na baadhi ya tarehe za chanjo hazikupatikana. Nilikwenda Magomeni nikalia. Hakunigombeza.

"Karatasi kwanza, mwanangu. Nguo itanunulika."

Nikamwambia ndiyo maana sasa naogopa kutoa chochote, akiba haiozi. Akanitazama kwa huruma.

"Usichojua kilipo si akiba."

Nilirudi nyumbani nikapekua. Nilikuta mikasi mitatu, pakiti nne za sindano, na chumvi ya miezi mingi iliyogeuka jiwe. Vyote hivyo nilikuwa nimevinunua tena na tena kwa pesa ya mboga, kwa kuwa sikujua kwamba ninavyo. Nikanunua matofali manane. Yeye akaniletea kopo la biskuti, limefungwa kwa ukanda wa khanga.

Kopo lile linakaa upande wa kichwani, la kwanza kutoka ukutani. Kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa, mkataba wa pango, risiti za kodi, na noti chache zilizokunjwa. Kila Shaabani tunatoa kila kitu nje, tunakifagia chumba, na nikishamaliza chai yangu kopo ndilo la kwanza kurudi.

Masika haya yaliyopita umeme ulikatika usiku, na mdogo wa wanangu akawaka homa. Mimi nilikuwa nimembeba, baba yao amekwenda kutafuta bajaji mvuani. Simu ilikuwa imezima. Nikamwambia binti yangu wa miaka tisa alete kopo. Sikumwona, giza lilikuwa zito. Nilimsikia akipiga magoti, kisha bati likikwaruza sakafu, mara moja tu, na lilipofika mikononi mwangu fundo lilikuwa limeshafunguliwa.