Nani Hukata Nyasi? Uhakiki wa Matangazo Matatu kutoka Area 18, Lilongwe

Katika toleo hili tumeonelea tuziweke kando kwa muda riwaya na diwani, tuhakiki maandishi ambayo hayajawahi kupangwa katika rafu yoyote ya maktaba. Ni matangazo matatu ya kazi ya kukata nyasi. Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tatu aliyakusanya katika msimu wa mvua wa mwaka 2022 kwa ajili ya somo la isimujamii. Mawili aliyapata Area 18 mjini Lilongwe, moja likiwa bao la bati kando ya barabara na la pili kipeperushi cha nusu karatasi. La tatu ni sauti iliyorekodiwa, ikawa inapita kutoka simu hadi simu baina ya wasemaji wa Kiswahili wa Dzaleka na jamaa zao wa mjini. Majina na namba za simu tumeyaondoa, na sababu yake msomaji ataiona mbele.

Kwa wasiopafahamu mahali penyewe, Lilongwe ni mji mkuu wa Malawi tangu mwaka 1975, uliporithi nafasi hiyo kutoka Zomba. Mitaa yake huitwa kwa namba, na namba hizo hazifuatani kijiografia, hivi kwamba mgeni anayedhani Area 19 lazima ipakane na Area 18 huweza kuzunguka hadi jioni. Area 18 ni mtaa wa makazi wenye nyumba za nafasi, nyua na miti. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka hapo. Ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Dkt. Banda, na tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Palikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na sasa pana zaidi ya 50,000. Lugha inayowaunganisha sokoni, kanisani na bombani ni Kiswahili.

Hapo ndipo ugumu wa matangazo haya unapoanzia. Dzaleka kuna Kiswahili lakini nyumba zimebanana, na nyasi za kukatwa ni haba. Area 18 kuna nyasi lakini wenye nyua wengi husema Kichewa na Kiingereza. Mtangazaji wa Kiswahili wa kazi hii anamtafuta mteja ambaye huenda hawezi kumsoma.

Idara zetu zimezoea kuyahakiki matangazo ya mitaani kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi huleta picha ya bao, tunahesabu makosa ya l na r, ya upatanisho wa kisarufi na ya kutenganisha maneno, kisha tunatoa alama. Zoezi hilo lina faida yake, wala hatulikatai. Hata hivyo, tangazo limeandikwa ili simu ilie. Mhakiki asiyeuliza kama simu italia hajalihakiki; amelisahihisha tu.

Tuanze na bao la bati. Limeandikwa kwa herufi kubwa: "Tunatoa huduma bora za utunzaji wa bustani na usafi wa mazingira kwa gharama nafuu. Wote mnakaribishwa." Kwa kipimo cha kalamu nyekundu bao hili linapata alama zote. Upatanisho ni kamili na tahajia haina doa. Lakini badilisha maneno mawili tu nalo litatangaza zahanati, saluni au shule ya awali. "Huduma bora" na "gharama nafuu" ni maneno yaliyokwisha kuchakaa kwa kutumiwa na kila mtu. Si Waswahili peke yetu wenye ugonjwa huu: Geoffrey Leech alipochunguza Kiingereza cha matangazo katika kitabu chake cha mwaka 1966, alikuta vivumishi vichache vyenye maana ya upya na uzuri vikirudiwarudiwa kupita kiasi. Tofauti ni kwamba kampuni kubwa ya sabuni huweza kumudu neno tupu kwa sababu ina picha, muziki na fedha za kulirudia. Mtu mwenye slasha moja ana bati moja tu.

Zaidi ya hayo, "wote mnakaribishwa" wakaribie wapi? Mteja wa saluni huenda saluni. Mwenye bustani hawezi kuikunja bustani yake akaibeba kwenda kwa fundi. Fundi ndiye anayesubiri kukaribishwa. Kauli hii imetolewa katika sajili ya duka na mkutano wa injili, ikapachikwa pasipoiafiki. Tunashuku kwamba mwandishi alisoma shule nzuri, na kwamba sisi walimu wa Kiswahili ndio tuliomfundisha kuona haya kuandika "nyasi" akiwa na nafasi ya kuandika "mazingira".

Kipeperushi ni kitu kingine kabisa. Mstari wake wa kwanza ni wa Kichewa: "Timatchetcha kapinga." Chini yake Kiswahili: "Tunakata kapinga, tunafyeka vichaka, tunapunguza uzio wa maua. Slasha na reki tunakuja navyo. Siku ya kwanza utaona kazi, ndipo tutapatana."

Wenzetu wawili waliosoma kipeperushi hiki chumbani kwetu walilikemea neno "kapinga", wakasema Kiswahili kina "ukoka". Ni kweli kinalo, na ni neno zuri. Lakini mkazi wa Lilongwe, awe Mmalawi au mgeni aliyehamia, nyasi hiyo inayotambaa, ambayo wataalamu wa mimea huiita Cynodon dactylon, anaijua kwa jina la kapinga. Anainunua na kuipanda kwa jina hilo. Ukimwandikia "ukoka" umemwandikia kitendawili. Tena neno "kapinga" halimsumbui msemaji wa Kiswahili hata kidogo. Lina silabi zetu, na likiingia katika sentensi ya Kiswahili linakaa kimya kama mwenyeji. Hapa mwandishi amefanya uamuzi wa kimtindo ambao tungeusifu bila kusita kama ungefanywa na mtunzi wa riwaya.

Tuitazame pia sentensi ya slasha na reki. Inajibu swali ambalo mwenye nyumba huliuliza kabla ya bei: vifaa ni vya nani? Mtu asiye na fyekeo hataki kuambiwa akanunue. Na sentensi ya mwisho inampa mteja namna ya kujilinda: aone kwanza. Kipeperushi kizima hakina kivumishi hata kimoja cha kujisifu.

La tatu, ile sauti, ni la mama mmoja wa makamo, kwa Kiswahili cha Kongo: "Mama, kama majani ya ku parseli yako imekuwa murefu, unituite. Sisi tunakataka kila juma, unalipaka kisha kuona kazi." Darasani lilizua kicheko. Wanafunzi walikicheka kiambishi tamati cha -ka katika "tunakataka" na "unalipaka". Tuliwakumbusha kwamba wao wenyewe, wakiwa kantini, husema "naendaga" na "tunafanyaga", na kwamba hicho ni kiambishi kilekile cha mazoea chenye ndugu wengi katika lugha za Kibantu. Basi kicheko kikapungua.

Tungependa kukaa hapa kidogo, kwa sababu tunaamini ndicho kiini cha matangazo yote matatu. Kazi ya bustani haiuzwi mara moja. Nyasi iliyokatwa Jumamosi ya Januari, mvua ikiwa inanyesha, baada ya wiki mbili inaficha tena viatu. Kwa hiyo anachouza fundi wa bustani ni mazoea: kwamba atarudi. Wamalawi wana neno "ganyu" kwa kibarua cha siku moja, na tofauti ya mapato kati ya mtu wa ganyu na mtu mwenye nyua kumi anazozirudia kila baada ya wiki mbili ndiyo tofauti kati ya kula leo na kulipa ada ya mtoto. Tangazo linaloeleweka kama ganyu litamletea mwenyewe ganyu.

Sasa sarufi inasemaje? Kichewa kina "tima-", na kiambishi cha -ma- kinabeba mazoea waziwazi: ndiyo kazi yetu, hatuachi. Kiswahili cha Kongo kina "tunakataka", nacho kiko wazi vilevile. Kiswahili Sanifu kina "hukata", lakini "hu-" imemmeza mtenda. "Hukata nyasi", nani? Mimi, wewe au mbuzi? Ili kumrudisha mtenda itabidi tuongeze "sisi", na sentensi inaanza kunuka kitabu. Ndiyo maana kipeperushi kimekimbilia "tunakata", ambayo huweza kuwa mazoea na huweza kuwa kitendo kinachoendelea sasa hivi. Maana hizo mbili hatuzitenganishi kwa umbo la kitenzi. Tunahitaji neno la wakati, "kila wiki" au "kila Jumamosi", na kipeperushi hakikuliweka. Hili ndilo kosa lake kubwa. Mama wa sauti, ambaye kalamu nyekundu ingemwangusha, ndiye pekee aliyeiuza kazi kama ilivyo: "tunakataka kila juma". Kwa ufundi wa kutangaza, amewapita wenzake wawili.

Hata yeye hakumaliza. Mvua za Lilongwe ni za Novemba hadi Aprili kwa kawaida. Kuanzia Juni hivi kapinga hunyauka na kugeuka rangi ya mkeka, na "kila juma" haina maana tena. Hakuna tangazo kati ya haya linalosema chochote kuhusu kumwagilia, kutia mbolea, kufagia majani yaliyoanguka au kupogoa wakati wa kiangazi. Mteja aliyepatikana Januari anapotea Julai, kisha fundi aanze upya kutafuta.

Kuhusu bei tutasema kwa kifupi. Matangazo yote matatu yameinyamazia, na mwanafunzi wetu aliandika katika ripoti yake kwamba huo ni udhaifu. Hatukubaliani naye. Kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 25 mwezi Mei 2022, kisha kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023. Bei iliyopakwa rangi juu ya bati mwezi Februari 2022 ingemtia hasara mwenyewe kabla ya mwaka kwisha.

Limebaki jambo tulilolidokeza mwanzoni. Malawi ilipoingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 iliweka masharti ya kujitoa katika baadhi ya vifungu, vikiwamo vya ajira na uhuru wa kutembea, na sera yake imekuwa ya kuwaweka wakimbizi kambini. Mwaka 2021 serikali iliamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka. Amri hiyo ilisimama kwa kesi mahakamani, kisha mwezi Mei 2023 ikaanza kutekelezwa kwa nguvu. Maduka yalifungwa, watu wakapakiwa magarini. Hatujui wenye matangazo yetu ni raia wa nchi gani, wala hatukumruhusu mwanafunzi kuuliza. Inatosha kujua kwamba katika mtaa kama Area 18, kuandika Kiswahili juu ya bati ni kujitambulisha mbele ya kila mpita njia, awe mteja au asiwe mteja.

Kwa mtazamo huu, mpangilio wa kipeperushi unapata maana nyingine. Kichewa kiko juu, kwa herufi kubwa. Kiswahili kiko chini, kwa herufi ndogo, kwa atakayekijua. Mhakiki wa haraka angesema mwandishi anakidharau Kiswahili. Sisi tunaona kwamba anajua hadhira zake mbili, anajua ipi ina nyua na ipi ina jamaa, na pengine anajua pia ya tatu ambayo asingependa imsome. Ile sauti nayo haikubandikwa popote. Ilipita kwa watu wanaoaminiana, na neno "Mama" linaloifungua ni la heshima na la kijamaa; halimwiti kila mtu.

Idara yetu husherehekea kwa haki kuenea kwa Kiswahili. Mwezi Agosti 2019 SADC ilikipitisha kuwa lugha yake rasmi ya nne katika mkutano wa Dar es Salaam, na mwezi Novemba 2021 UNESCO ikatenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Sherehe hizo zinahusu lugha ikiwa mezani pa wakubwa. Lugha ileile, barabarani Area 18, mwaka 2023 ingeweza kumpandisha mtu lori. Mwanafunzi anayekwenda kupiga picha mabao na kuyachapisha pamoja na namba za simu, ili apate alama za "kuenea kwa Kiswahili kusini mwa Afrika", anafanya utafiti wenye madhara, na msimamizi aliyeuidhinisha anashiriki.

Kuanzia muhula ujao, swali la sajili ya matangazo kwa mwaka wa pili litatumia kipeperushi na ile sauti, vyote viwili vikiwa vimeondolewa utambulisho. Bao la bati tutalitumia katika zoezi la kuandika upya: mwanafunzi atapewa maneno yasiyozidi 20, atataja nyasi, vifaa, siku ya kurudi na kazi ya kiangazi, na hataruhusiwa kuandika "bora" wala "nafuu". Wenzetu wenye kupendelea "ukoka" wanaruhusiwa kuutumia, mradi waeleze mteja wao anaishi mji gani.