Ughaibu wa Pande Mbili

Kuhama na kuhamia ni vitenzi vya shina moja, na hakuna ahamiaye pasi na kuhama kwanza. Jambo hilo, jepesi kulitamka, ndilo lililomshughulisha Abdelmalek Sayad umri wake wote. Wasomi wa Ufaransa walizoea kuianza hadithi ya kibarua wa Kialjeria siku aliposhuka bandarini Marseille, kana kwamba alizaliwa gatini. Sayad aliianzia kijijini. Yeye mwenyewe alizaliwa Aghbala, katika milima ya Kabylia, mwaka 1933. Akasomea ualimu, kisha akakutana na Pierre Bourdieu katika Chuo Kikuu cha Algiers, na mwaka 1964 wakatoa pamoja kitabu juu ya wakulima waliong'olewa makwao na jeshi la Kifaransa wakati wa vita vya ukombozi. Mwaka 1963 naye alikuwa amekwishavuka bahari. Alifariki Ufaransa mwaka 1998.

Kitabu chake kikuu, La Double Absence, kilitoka mwaka 1999 kwa dibaji ya Bourdieu. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 2004 ililiacha jina hilo, ikatwaa nusu ya anwani ndogo: njozi za mhamaji zikatoweka, yakabaki mateso ya mhamiaji. Inasikitisha, maana huko ndiko kumkata mtu vipande viwili alikokupinga mwandishi. (Lawama si lazima imwendee mfasiri, wauza vitabu nao wana kauli yao.)

Kiswahili kingelimtendea haki zaidi. Ughaibuni ni kwa ghaibu, asiyekuwepo. Lakini hata neno hilo laonesha upande mmoja tu: ni neno la aliyebaki nyumbani, akitazama mkeka usio na mtu. Alilolifichua Sayad ni kwamba kule aendako mtu pia hayupo. Mikono yake huhesabiwa kiwandani, basi. Na wote, yeye, jamaa zake na dola zote mbili, huafikiana kusema kwamba yuko kwa muda tu, hata miaka thelathini ikapita.

Makala yake ya mwaka 1975 juu ya elghorba ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Elghorba ni ugeni, dada wa neno letu gharibu, na shina lake ndilo la magharibi, kuchwa kwa jua. Humo kijana wa Kabylia asimulia alivyowaona waliorudi likizo wakiwa wamevaa vizuri, wasiseme neno juu ya vyumba vyao vya giza. Akaenda, akaviona, naye akajikuta hana budi kunyamaza. Uongo huo hauna mwenyewe, na ndio uwasafirishao wengine. Dosari ni moja: Sayad mwenyewe ndiye aliyeifasiri kauli hiyo kutoka Kikabyle, na mahali pengine kijana asikika kama profesa.

Juu ya kurudi alishikilia kwamba mtu aweza kurejea mahali, si wakati aliouacha. Lakini kurasa za kupendwa zaidi ni zile za mwaka 1985, juu ya salamu zilizobebwa mdomoni na msafiri, kisha zikahamia kwenye kaseti. Msomaji wa Unguja au Lamu aliyepata kuketi mbele ya redio kumsikiliza jamaa aliye Maskati atazielewa bila tanbihi. Mfasiri wa Kiswahili na aanzie hapo.