Daftari la Mapishi

Katika nyumba nyingi za Mpanda, kabatini chini ya vyombo vya wageni, pamehifadhiwa daftari la mapishi. Ni daftari la kawaida la shule. Kurasa zimegeuka njano, pembe zimetafunwa na mende, na ukurasa wa maandazi unang'aa kwa mafuta. Madaftari haya waliyaandika wasichana waliosoma sayansi kimu, na akina mama waliohudhuria mafunzo ya misheni na ya maendeleo ya wanawake. Mwalimu aliandika ubaoni, nao wakanakili kwa wino wa bluu na kupigia vichwa vya habari mstari kwa rula. Kwenye majalada mengi pameandikwa Mpanda, Mkoa wa Rukwa, kwa kuwa Katavi, ilipo Mpanda leo, ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Daftari lililotangulia mwaka 1974 litakutajia Tabora.

Nimelisoma la mama yangu kuliko vitabu vingi. Yamo maandazi, chapati, skonzi, pilau, kachumbari, jamu ya mapapai, na keki, ambayo imechukua kurasa mbili nzima. Vipimo vyake ni kikombe, kijiko na kopo. Mizani haikuwapo, wala haikuhitajika, maana kikombe kilikuwa kilekile miaka yote: cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu.

Hiyo keki inastahili kuelezwa, kwa sababu ufundi wake unazidi kupotea. Oveni ilikuwa ya kuundwa. Unachukua sufuria kubwa, unatandika mchanga mkavu chini, unaiweka juu ya jiko la mkaa na kuifunika mpaka mchanga upate moto sawasawa. Ndipo unatia ndani sufuria ndogo iliyopakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, yenye mchanganyiko wako. Unafunika kwa mfuniko mpana wa bati, kisha unapalia makaa juu. Kazi yote iko kwenye hayo makaa. Ya chini hupunguzwa, ya juu huzidishwa kidogo kidogo kuelekea mwisho, na mpishi anajua kwa pua tu muda wa kuchomeka kijiti umefika. Sijala keki ya dukani iliyonukia vile.

Pembeni mwa ukurasa wa keki, mwandiko uleule lakini kwa kalamu nyingine, mama amekata neno sukari na kuandika asali. Ni kumbukumbu ya uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980, sukari na unga wa ngano vilipoadimika nchi nzima na watu wakapanga foleni kwenye maduka ya kijiji. Katavi haikuwa na sukari, lakini ilikuwa na misitu ya miyombo, na asali ya Inyonga ilikuwa ikipatikana kwa madebe. Chini ya neno hilo ameongeza kwamba makaa ya juu yawe machache. Ni kweli, keki ya asali huwahi kuwa kahawia nje wakati ndani bado ni mbichi. Hakuna mwalimu aliyemwandikia hilo ubaoni. Aliligundua mwenyewe jikoni kwake, akaliandika, na kwa sababu aliliandika, leo nalijua.

Sasa tafuta kisamvu katika daftari hilo. Hakimo, na sidhani utakikuta katika la jirani. Hayamo matobolwa wala michembe, hawamo dagaa wa Karema na Ikola, haumo uyoga wa mvua za kwanza unaouzwa kwa mafungu kando ya barabara. Wala hayamo maharage ya mawese waliyotupikia majirani wetu wa Katumba, wakimbizi wa Burundi waliopewa makazi kule katika miaka ya 1970 na ambao wengi wao leo ni raia wenzetu. Daftari lilikuwa la mambo mapya, yaliyofundishwa. Kisamvu kilijulikana na kila mtu, nani angepoteza wino? Ndiyo maana mjukuu wa leo anaweza kupika skonzi ya mwaka 1968 bila kukosea, na akashindwa kupika chakula cha kila siku cha bibi yake.

Kupika kisamvu kunataka subira na akili. Unachuma majani machanga ya juu, unayatenga na vikonyo, unayaosha na kuyatwanga kinuni pamoja na kitunguu mpaka yalainike kabisa. Unayachemsha sufuria ikiwa wazi, tena kwa muda mrefu, na hili si suala la ladha tu: majani ya muhogo yana sumu, kutwanga huitoa ndani ya jani na mvuke huondoka nayo. Bibi zetu hawakuhitaji maabara ili kukataza mfuniko. Karanga zilizosagwa hukorogwa kwanza kwa maji pembeni zisifanye mabonge, ndipo zimiminwe, na kuanzia hapo mwiko hauachwi kwa sababu karanga hushika chini upesi. Mafuta yakianza kuelea juu, karanga zimeiva. Chumvi mwisho.

Chumvi kiasi gani? "Kiasi tu, mjukuu wangu," ndilo jibu nililopata kila nilipouliza. Siku moja nikakinga sahani chini ya kiganja cha bibi kabla hajamimina, nikapima. Kijiko cha chai kimoja na nusu kwa sufuria ya watu wanane. Nikamwomba arudie kwa sufuria nyingine, ikawa vilevile. Kiasi chake kilikuwa kipimo kamili, mkono umekihifadhi kwa miaka. Tunaosema mapishi ya asili hayana vipimo tunawapunja wapishi wetu.

Na matobolwa je? Viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani hadi vikakauka kama kuni, viliwaokoa watu wengi miezi ghala lilipobaki tupu. Kwa michembe, viazi hukatwa vikiwa vibichi. Anayejua kutofautisha siku za kuanika kwa mwezi wa Julai na kwa mwezi wa Septemba ana elimu, na elimu hiyo haipo kwenye video za simuni, ambazo hutufundisha kupika piza kwa dakika kumi.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda nyumbani likizo hii, nenda na daftari jipya na kalamu ya biki, maana wino wa zamani hufutwa na mvuke. Kaa jikoni, usikae sebuleni. Pima kila kinachotoka mkononi kabla hakijaingia chunguni. Andika jina la mpishi, kijiji chake, mwezi, aina ya muhogo, kuni au mkaa. Acha nafasi pembeni, atakayefuata naye atakuwa na la kuongeza. Anza na kisamvu, na uanze wakati bibi bado ana nguvu ya kushika mchi.